Gari la mtumba, gia za mkono: ukaguzi kwanza, klachi baadaye

Haya, karibuni tena. Leo tuna kazi mbili kwenye video moja, kwa sababu wengi wenu mnaniuliza maswali mawili kwa pumzi moja: nimeona gari la mtumba, nimelipenda, ni la manyuali, ila sijui kuliendesha, nifanyeje? Jibu langu halibadiliki. Usiende kulitazama peke yako. Nenda na mtu ambaye mguu wake wa kushoto umeizoea klachi, ile pedali inayotenganisha injini na magurudumu, na kama mtu huyo ni fundi, basi mlipe wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ana bosi mwingine.

Twende kwenye gari. Mpwa wangu ndiye mshika kamera leo, akitikisa mvumilieni.

Hatua ya kwanza kabisa, kabla hata ya salamu kukolea, weka kiganja juu ya boneti. Hivi. Inatakiwa iwe ya baridi. Ukikuta vuguvugu, mwenye gari ameshaliwasha kabla hujafika, na kuna magonjwa ambayo gari huyaonyesha asubuhi tu. Mimi la kwanza nililonunua nilikaribishwa nalo likiwa linanguruma vizuri, eti "nimekupashia moto usisubiri". Nikashukuru! Kesho yake alfajiri nyumbani, kuliwasha tu, moshi wa buluu ukafunika ua mzima. Oili ilikuwa inavuja usiku kucha kupitia sili za valvu, inaingia kwenye silinda. Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: naomba nilikute halijawashwa. Ukilikuta la moto, rudi siku nyingine.

Sasa tufungue boneti. Chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili nyeusi isikutishe, hiyo ni oili iliyofanya kazi. Kinachotisha ni kijiti kukauka kabisa, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Fungua na kifuniko cha oili hapa juu. Mpwa, sogeza kamera. Mnaona huku chini ya kifuniko? Pasafi. Ukikuta utandu mzito wa rangi ya maziwa hapa na kwenye kijiti pia, maji yanachanganyika na oili, na mara nyingi mkosaji ni gasketi ya silindahedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake. Utandu kidogo kwenye kifuniko peke yake unaweza kuwa ni unyevu tu, hasa kwa gari linalokwenda safari fupifupi kwenye baridi. Ndiyo maana tunatazama sehemu mbili.

Rejeta ifungue sasa hivi injini ikiwa ya baridi. Ikishachemka usiuguse mfuniko wake, utaunguzwa uso. Maji yawe safi, yasiwe na kutu wala matone ya mafuta yanayoelea.

Tairi: tafuta maandishi ya DOT ubavuni, mwishoni kuna tarakimu nne. Hili limeandikwa 3519, maana yake lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazuri na bado likawa limezeeka, limepasukapasuka hapa kwenye mikunjo. Na ukikuta mawili ya mbele yameliwa upande mmoja, uliza kwa nini.

Mkanda wa kiti, hapa wengi hawagusi. Uvute wote, mpaka mwisho. Matope au alama ya maji kwenye sehemu ambayo siku zote imejificha ndani yanakuambia gari hili liliwahi kuogelea. Gari lililozama kwenye mafuriko mimi silinunui hata kwa nusu bei. Umeme wake utakusumbua mpaka ulichukie.

Karatasi nitazipita haraka. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na iliyo kwenye hati, herufi kwa herufi. Magari mengi yana namba ya tarakimu na herufi 17, ila yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huwa na fupi zaidi, hilo si kosa. Kosa ni namba iliyokwanguliwa. Na jina kwenye hati liwe la mtu unayempa hela.

Tazama na pedali. Raba ya klachi hii imelika pembeni, chuma kinakaribia kuonekana, na dashibodi inasema kilomita 60,000. Hmm. Pedali ni rahisi kubadilishwa, lakini pedali iliyochakaa hivi na kilomita chache hivyo, mmoja wao anadanganya, na pedali haijui kudanganya.

Sasa liwashwe. Simama nyuma utazame bomba la moshi. Moshi mweupe mwembamba unaoisha baada ya dakika chache ni mvuke tu. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu ya utamutamu, ni maji ya rejeta yanaungua. Wa buluu ni oili. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa inavyoweza kuyaunguza.

Tunafika kwa klachi, na hapa sitaki haraka, maana kubadilisha klachi ni lazima giaboksi ishushwe, na ufundi wake unaweza kukuuma kuliko kifaa chenyewe.

Kwanza sikiliza. Gari likiwa nyutro, wengine mnaita fri, yaani haliko kwenye gia yoyote, injini inawaka, mguu umeachia klachi. Kuna mvumo? Sasa kanyaga klachi. Mvumo ukipotea ulipokanyaga, beringi ya giaboksi inalia. Ukianza ulipokanyaga, ni beringi ya klachi yenyewe, ile mafundi wanayoiita rilizi.

Pili, hendibreki juu, mguu wa kulia kwenye breki, weka gia namba tatu, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa ijikwae na kuzima. Ikiendelea kunguruma kama hujafanya kitu, klachi plati imekwisha. Fanya mara moja tu, si mara tano, unapima, huchomi.

Tatu, barabarani, muache anayejua aendeshe, wewe kaa pembeni. Gia ya nne, mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, akanyage mafuta mpaka chini. Wewe tazama sindano mbili. Sindano ya mizunguko ya injini ikipanda mbio na ya mwendo ikabaki inasuasua, klachi inateleza. Kisha arudi kutoka tatu kwenda mbili: gia ikikwaruza, pete za kulinganisha mwendo zimelika, na gia ya pili ndiyo hutangulia kuchoka. Mwisho, akiwa gia ya pili avute kwa nguvu halafu aachie mafuta ghafla. Mkono wa gia ukiruka wenyewe kurudi nyutro, mshukuru mwenye gari, shuka, nenda zako.

Klachi iliyochoka peke yake haiui biashara. Tumia kama hoja ya kushusha bei. Giaboksi inayotema gia, hapana.

Basi tuseme umelinunua. Tuje uwanjani.

Huyu ni mdogo wangu, hajawahi kuendesha. Leseni ya kujifunzia anayo, na uwanja huu ni tambarare na mtupu. Viatu vyake vina soli nyembamba, nimemlazimisha, maana kwa soli nene mguu hausikii kitu.

Kiti kwanza. Asogee mpaka akikanyaga klachi ifike chini kabisa, goti bado limepinda kidogo. Pedali ni tatu: kushoto klachi, katikati breki, kulia mafuta. Usukani uwe upande wowote wa gari, mpangilio ni huohuo. Mguu wa kushoto una kazi moja tu, klachi. Wa kulia unagawana breki na mafuta.

Kabla hajawasha, nataka aelewe anachokanyaga. Tandika viganja vyako viwili, kimoja juu ya kingine, uvisugue. Cha chini ni injini, kinazunguka muda wote. Cha juu ni magurudumu. Ukikanyaga klachi unavitenganisha. Ukiachia, vinakutana. Ukiviachia vikutane ghafla, kimoja kinamshtua mwenzake, gari linaruka na kuzima. Ukiviachia viguse taratibu, viteleze kidogo, halafu vishikane, gari linaondoka kama mtumbwi unaosukumwa kutoka ufukweni. Huko katikati, mahali vinapoanza kushikana, ndipo tunapopatafuta leo. Kila gari lina pake.

Zoezi la kwanza, injini imezimwa. Kanyaga klachi, moja, nyutro, mbili, nyutro, tatu. Usiutazame mkono wa gia. Usiukamate kama unamkaba mtu, kiganja wazi kinatosha. Dakika kumi hivi mpaka mkono uzijue njia.

Zoezi la pili ndilo lenyewe, na wengi wanaliruka. Washa. Klachi chini, gia ya kwanza, hendibreki imeachiwa, mguu wa kulia nje ya mafuta kabisa, unakaa juu ya breki bila kuikanyaga. Kisigino cha kushoto kikae sakafuni ukiweza. Sasa achia klachi, milimita kwa milimita.

Sikilizeni injini. Mlisikia? Sauti imezama kidogo, gari limetetemeka. Hapo! Simamisha mguu hapo hapo, usiachie zaidi. Hesabu moja, mbili. Linaondoka lenyewe, bila tone la mafuta. Klachi chini, breki, simama. Rudia.

"Kaka, limezima."

Acha lizime. Halijafa. Klachi chini, breki, nyutro, washa, anza tena. Amelizimisha mara saba leo asubuhi na gari liko palepale linatungoja. Kilichotokea ni kwamba alipofika kwenye kushikana, akaogopa, mguu ukaruka. Karibu kila anayeanza hufanya hivyo: anaachia polepole mwanzo, ambapo hapana kitu, halafu anaachia haraka palepale panapotaka upole. Geuza. Mwanzo wa pedali wende upesi kidogo, katikati subiri, mwisho malizia.

Mara ishirini. Najua inachosha. Lakini akitoka hapa mguu wake utakuwa umepajua mahali pale, na mengine yote ni nyongeza.

Zoezi la tatu, ongeza mafuta. Kidogo tu, sindano ya mizunguko ifike 1,500 hivi kwa dakika, ishikilie hapo, kisha klachi kama tulivyofanya. Likishaanza kwenda, mguu wa kushoto utoke kabisa juu ya pedali. Kabisa! Kuupumzisha pale ndiko kunakomaliza klachi za watu wakalaumu fundi.

Kupanda gia: injini ya petroli ikifika kama 2,500, achia mafuta na kanyaga klachi kwa pamoja, vuta mbili, achia klachi, rudi kwenye mafuta. Kwenye dizeli panda mapema zaidi. Baada ya siku chache hutatazama sindano, sikio litakuambia.

Kusimama: breki kwanza, klachi mwishoni, gari linapokaribia kusimama. Mdogo wangu anataka kukanyaga klachi tangu mbali, na gari linakuwa halishikwi na injini tena, linateleza tu. Mteremko mrefu vivyo hivyo: usiweke nyutro ukidhani unaokoa mafuta. Rudi gia ya chini, injini ikusaidie kulishika, la sivyo breki zitapata moto mpaka zikatae.

Kilima ndicho kinachowatoa watu jasho. Hendibreki juu. Gia ya kwanza. Mafuta mpaka karibu 2,000. Achia klachi mpaka usikie sauti inazama na boneti inanyanyuka kidogo, kama mbwa anayevuta kamba. Mguu ukae hapo. Sasa shusha hendibreki. Tazama, halijarudi nyuma hata kidogo. Na ukiwa kwenye foleni kilimani, usilishikilie gari kwa klachi. Hendibreki ipo kwa ajili hiyo. Ukianza kusikia harufu ya kitu kinaungua, ni pesa yako.

Rivasi: simama kabisa kwanza, kisha ni kama zoezi la pili, klachi peke yake, bila mafuta. Geuza kichwa, usitegemee vioo tu. Kwenye baadhi ya magari lazima uinue pete au ukandamize mkono wa gia ndipo rivasi ikubali, angalia mchoro juu ya kirungu chake.

Haya, tunaegesha. Simama, hendibreki, zima, halafu iache kwenye gia ya kwanza. Kama umeelekea bondeni, iache kwenye rivasi. Na kesho ukija kuwasha, kanyaga klachi kabla ya kugusa funguo, maana umeliacha ndani ya gia na ukuta uko mbele yako.