Mke na mume, mashanta mawili, njia moja ndefu

Mwangaluka, watu wangu wa Tabora! Nanyi wa Kigoma, mwakeye! Wazee wangu mnaonitazama, shikamooni. Leo siko Virginia, Marekani. Niko nyumbani, Kwihara, nje kidogo ya Tabora mjini. Kamera ameishika mume wangu, na hizo sauti mnazosikia nyuma ni za watoto wa jirani. Wanalijaribu shanta langu, hili begi la mgongoni, kila mmoja anataka avalishwe yeye.

Tangu tuanze kuwarushia zile video fupi za milimani, swali limekuwa moja tu. Mna gari, mna kazi, mna kitanda, kwa nini mjitwishe mizigo mkalale porini? Mama mkwe wangu wa Gungu, Kigoma, aliliuliza kwa huruma kabisa: "Mwanangu, kazi bado mnayo?" Tunayo, mama. Tuliomba likizo, nyingine ya bila mshahara, tukaenda kutembea kwa kupenda wenyewe. Leo nataka niwajibu vizuri, na nimechagua kujibia hapa Kwihara kwa sababu maalumu. Nitafika huko.

Njia yenyewe inaitwa Appalachian Trail. Inaanzia mlima Springer, jimbo la Georgia, kule kusini, inakwenda kuishia mlima Katahdin, jimbo la Maine, kaskazini. Ni kilomita zipatazo 3,500, majimbo 14. Anayetaka kuimaliza yote kwa mkupuo ajiandae kwa miezi mitano hadi saba. Wazo lilitolewa mwaka 1921 na bwana mmoja, Benton MacKaye, na vipande vyote vikaja kuungana mwaka 1937. Sisi tulichukua sehemu ya Virginia, jimbo lenye kipande kirefu kuliko mengine yote, tukaanzia mji mdogo unaoitwa Damascus kuelekea kaskazini.

Msifikirie barabara. Ni njia ya mguu, mawe, mizizi, matope, panda, shuka. Unaongozwa na alama ya rangi nyeupe kwenye mti, sentimita 5 kwa 15. Ukikuta alama mbili zimepangana, moja juu ya nyingine, tuliza macho, maana njia inageuka. Kila baada ya mwendo fulani kuna banda la mbao lenye kuta tatu, upande wa nne uko wazi, na ndani kuna daftari ambamo wapitaji wanaandikiana. Sisi tuliandika Kiswahili. Nani ajuaye, labda siku moja Mtanzania atapita aone.

Kilichonigusa kuliko milima ni watu wanaoitunza hiyo njia. Ngazi za mawe, vidaraja vya magogo, zile alama nyeupe, sehemu kubwa ni kazi ya watu wa kujitolea. Asubuhi moja tulimkuta mzee na msumeno wa mkono anakata mti ulioangukia njia, mkewe anavuta matawi pembeni. Wamepewa kipande chao, wanakuja kukisafisha, hawalipwi hata senti. Tukaweka mizigo chini tukavuta matawi nao. Yule mama akamenya chungwa, akatugawia vipande sote wanne, tukala tumekaa juu ya lile gogo, mikono ina utomvu. Jamani, nilitamani niwe na wazee wa kwetu pale.

Na msidhani ni mchezo wa vijana wenye misuli. Mwaka 1955, Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, mama wa watoto 11, aliitembea njia yote peke yake. Alivaa viatu vya raba, akabeba mfuko aliojishonea mwenyewe, ameutupia begani. Hema hakuwa nalo. Mvua aliizuia kwa pazia la plastiki la bafuni.

Sasa tuje kwa mke na mume, maana hapo ndipo maswali yenu yana moto.

Mkiwa nyumbani mnaweza kununiana, mmoja akakaa sebuleni mwingine jikoni, siku ikaisha. Njiani hakuna sebule. Hema ni moja, chungu ni kimoja, na mwenzako ndiye anayekukagua kupe kila jioni. Hilo ni la lazima, kupe wa kule wana ugonjwa wanaouita Lyme. Kwa hiyo hata kama mmegombana mchana kutwa, jioni unageuza mgongo, anamulika tochi nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti. Kuna ugomvi wetu mwingi uliishia hapo, kwenye mwanga wa tochi, bila mtu kuomba radhi kwa maneno.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mwendo. Mume wangu ana miguu mirefu, akishika kasi hasikii. Tulikuwa tunapanda sehemu za mlima Rogers, ndio mrefu kuliko yote Virginia, mita 1,746. Mvua ya ukungu, baridi inaingia mpaka kwenye kucha, na yeye yuko mbele ananisubiri. Nikifika tu, anaondoka. Yeye ameshapumzika, mimi ndio kwanza nahema. Mara ya kwanza nikavumilia, ya pili nikavumilia, kisha nikakaa kwenye jiwe nikasema mimi sitembei na mgongo wa mtu. Akarudi. Kimya. Farasi wadogo wa pori la kule walikuwa wanatutazama, mmoja akaja kunusa shanta langu. Kuanzia pale tukakata shauri: mwenye hatua fupi anakaa mbele. Tulifika tulikokuwa tunakwenda saa ile ile, tena tunaongea.

Wanyamwezi wenzangu, sheria hiyo babu zetu walikuwa nayo. Msafara ulikuwa na kirangozi, anakwenda mbele, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Mwendo ni wake. Waliamka alfajiri, wakatembea kungali na ubaridi, na kambi ikapigwa kabla jua halijawa kali. Ndiyo ratiba ile ile tuliyoishia nayo Virginia. Nchi hii ya Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha njia ile ya kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 na zaidi, begani au kichwani juu ya ngata, akaenda pwani na pembe akarudi na nguo na shanga. Wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira, wanaijua kazi yao na wanajua bei yao.

Jana nilimpelekea shanta babu yangu mdogo hapa Kwihara. Akalinyanyua, akalishusha. Akaukamata huu mkanda mpana wa kiunoni, nikamweleza kwamba ndio unaobeba mzigo, mabega yanashikilia tu usiyumbe. Akaufunga, akazunguka uani mara moja, akasema, "Wametuhamisha kutoka kichwani wakatuweka kiunoni." Halafu akauliza lina kilo ngapi. Kumi na mbili, babu, pamoja na maji na chakula. Akanitazama tu. Wazoefu wa Marekani wanashauri mzigo usizidi sehemu ya tano ya uzito wa mbebaji, na wanapima kila kitu kwenye mizani ndogo, hata mswaki.

Mzigo ndio uliotufundisha ndoa, naomba niliseme hilo waziwazi. Mwanzoni mume wangu alichukua hema, jiko, gesi, chujio la maji na sehemu kubwa ya chakula. Kwa sababu ni mwanamume. Hakulalamika hata siku moja. Jioni moja bandani, wakati wa ukaguzi wa kupe, nikaona goti lake la kushoto limevimba, ngozi imevutika inang'aa, na yeye amekaa nalo kimya siku kadhaa. Nilikasirika na nikalia kwa wakati mmoja. Tukamwaga vitu vyote kwenye sakafu ya mbao, tukaanza upya. Hema nikachukua mimi. Jiko na gesi yeye. Chakula tukagawa, tukala kwanza vile vizito. Tukapumzika mji wa karibu mpaka goti likakunjika vizuri, ndipo tukaendelea.

Nilipoisimulia hii kwenye simu, shangazi mmoja akaniambia haipendezi mke kubeba hema la mume. Shangazi, nakuheshimu sana, lakini nataka nikusimulie habari ya Halima.

Hapo nyuma yangu ndipo palipokuwa na tembe ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872, kuanzia Februari hadi Agosti. Stanley alirudi pwani Machi, yeye akabaki akisubiri wapagazi. Katika watu wake alikuwemo Halima, mpishi, mke wa Amoda, naye Amoda alikuwa katika msafara huo huo. Livingstone alimsifu katika shajara yake, akaandika kwamba atamnunulia nyumba na bustani Unguja. Halafu akafa mwaka 1873, kule ambako leo ni Zambia. Wote tumesoma shuleni kwamba Chuma na Susi waliubeba mwili hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500, wakipita hapa Kwihara Oktoba 1873. Lakini hawakuwa wanaume peke yao. Halima naye alitembea. Ntaoeka, mke wa Chuma, alikuwemo. Bagamoyo walifika Februari 1874. Ile nyumba na bustani, aliyeiahidi alikufa kabla ya kufika Unguja.

Na hao si wa pekee. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walisafiri na wake zao, nao walibeba vyungu, unga, mikeka, wakifika kambini wanawasha moto. Basi mkiniuliza mambo ya mke na mume kutembea miezi tumeyatoa wapi, nasema sisi ndio wenye mambo hayo. Hiyo ndiyo sababu ya kuja kusemea hapa.

Kuna upande ambao sitauruka. Njia hii ya Bagamoyo hadi Ujiji walipitishwa pia watu waliofungwa minyororo, wametolewa ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wakavushwa Ujiji, wakapita hapa kwenda pwani. Wengi hawakufika. Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2006 kwa jina la Njia Kuu ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu, na Kwihara na Ujiji zimo. Kwa hiyo mtu akiitembea asiitembee kama anayekwenda pikiniki. Mimi nadhani kutembea ni heshima kubwa kuliko kupita na basi, kwa sababu mguu unakufanya ujue kilomita 20 ni nini, na kiu ni nini. Na wewe una chupa ya maji, una viatu, unaweza kusimama ukitaka.

Chakula kwa kifupi, maana wengi mmeuliza: unga wa uji, karanga, tambi, na dagaa wakavu tuliowapata duka la Waafrika. Hakuna chakula cha njiani kinachomshinda dagaa, ni mwepesi, hauozi, una nguvu. Shida yake ni harufu, na kule kuna dubu weusi. Kila jioni tulifunga chakula chote kwenye mfuko mmoja, tukautundika juu mtini mbali na hema. Dubu tulimwona mmoja, kwa mbali, anakata njia na shughuli zake.

Gharama? Kwa njia yenyewe hakuna kiingilio, ingawa mbuga kadhaa zinataka kibali. Pesa inaishia kwenye viatu, hema na mfuko wa kulalia. Viatu msibanie. Chukua vilivyozidi kidogo saizi yako, kwa sababu mguu unavimba, na kidole kikigusa mbele wakati wa kushuka mlima, ukucha umekwenda.

Sasa mpango wetu: kuitembea hii njia ya misafara ya kwetu. Kutoka Tabora hadi Kigoma ni kilomita zipatazo 400 kwa reli. Reli ilifika Tabora 1912, Kigoma 1914, na misafara ya miguu ikafa. Hatuwezi kuitembea yote safari hii. Tunataka kipande cha mwisho, Uvinza hadi Ujiji, kiangazi hiki mvua zikishakatika, na kila kijiji tutapita kwanza kwa mwenyekiti na mtendaji. Uvinza tumeichagua kwa ajili ya chumvi yake, kwa sababu misafara ilisimama kununua chumvi hapo.

Ninachowaomba ni habari. Mlioko Kaliua, Usinge, Nguruka, Uvinza, Kazuramimba, ulizeni wazee wenu kabla hawajaondoka na habari hizo. Msafara ulivukia wapi mto Malagarasi? Wapi kuna miembe mizee iliyopangana mstari, mbali na nyumba? Kisima gani kiliitwa cha wapagazi? Mrekodini mzee kwa simu, hata kwa Kinyamwezi, hata kwa Kiha, hata kwa Kivinza, mtume. Kiha mume wangu atanisaidia. Kivinza tutatafuta mtu. Na kama kuna mke na mume mnaotaka kuungana nasi kwa siku mbili tatu, andikeni mko kituo gani cha treni, ila mje na viatu mlivyokwisha kuvizoea. Vipya viacheni nyumbani.