Manowari Juu ya Vilima

Mabibi na mabwana, naomba muitazame picha hii kabla sijaieleza. Mnaona mashamba na vilima vitulivu, na juu yake, pasipo tone la bahari, imekaa manowari ya kubebea ndege za kivita. Hans Hollein, msanifu majengo wa Vienna, aliitengeneza mwaka 1964 kwa kukata picha ya meli na kuibandika juu ya picha ya mashamba, kisha akaiita mji. Leo imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York. Mzaha unaanzia kwenye jiografia yenyewe, kwani Austria haina pwani tangu dola yake ilipovunjika mwaka 1918.

Mimi naiweka kazi hii katika Dada Mamboleo, yaani sanaa ya miaka ya 1950 na 1960 iliyofufua mtindo wa Dada wa kugeuza vitu vilivyokwisha kutengenezwa kuwa sanaa. Dada huyu, niseme mapema, si ndugu wa mtu. Ni jina walilojipa wasanii waliokutana Zurich mwaka 1916, wakati vita vikiwaka. Mwaka uliofuata msanii Mfaransa Marcel Duchamp, kwa moyo huohuo, alinunua chombo cha kukojolea, akakilaza chali, akakitia sahihi ya jina la bandia na kukipeleka kwenye maonyesho. Hakukifinyanga yeye, kama ambavyo Hollein hakuchora hata dirisha moja la mji wake.

Hata hivyo, chombo cha Duchamp kilipofika kwenye maonyesho kilipoteza kazi yake, ilhali meli ya Hollein haikupoteza chochote isipokuwa maji. Manowari ya aina hiyo ina malazi, majiko, hospitali, karakana na mitambo ya umeme, na maelfu ya watu huishi ndani yake kwa miezi. Ulikuwa mji tangu zamani, ukakosa anwani tu. Tena ni mji usio na vitongoji: haukui wala haumegi konde la jirani, na mazao yanaweza kuota hadi ubavuni mwake. Wapangaji wa miji wangeweza kuuonea wivu, kama usingekuwa chombo cha vita.

Mwaka 1968 Hollein aliandika kwamba kila kitu ni usanifu majengo, kauli ambayo naiona pana mno. Picha hii inanitosha zaidi, kwa kuwa inaniacha na swali la kifundi: mkulima wa konde lile, akitaka kupanda kuwasalimu majirani zake wapya, atapitia wapi? Hollein hakumwekea ngazi.