Sikukuuliza Kesho, Nimekuuliza Lini

Wakubwa shikamooni. Wenzangu wa rika langu, habari za saa hizi.

Nimeombwa nizungumze juu ya ubunifu, na juu ya kumhudumia mteja kwa moyo. Walioandaa waliniletea kama mada mbili, wakanishauri nizigawe, nusu ya muda huku na nusu kule. Jana usiku nimejaribu kuzigawa, imenishinda. Katika miaka yote niliyokaa nyuma ya cherehani, sikumbuki wazo hata moja la maana lililonijia nimekaa natazama dari. Yaliyonisaidia yote yaliletwa na mteja aliyeudhika, au aliyechoka, na mara moja yaliletwa na mteja aliyekuwa analia. Kwa hiyo leo nitasema jambo moja tu, na mtanisamehe nikizunguka.

Kuna methali iliyoniponza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikuwa nashona vizuri, na hili nalisema bila aibu: mshono ulionyooka, bitana isiyovuta, pindo lililotulia. Nikaamini kwamba hiyo ndiyo biashara yenyewe. Mteja akilalamika nilikuwa namwonyesha mshono. "Angalia kazi hii, nani mwingine atakufanyia hivi?" Na kweli kazi ilikuwa nzuri, lakini mteja hakuwa amelalamikia kazi.

Siku moja alikuja mama mmoja kuchukua gauni la bintiye, la kuvaa kwenye mahafali. Nilikuwa nimemwambia kesho. Akaja, nikamwambia kesho tena. Akaja mara ya tatu, nguo bado imekatwa tu, haijaunganishwa hata bega. Nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, nisamehe sana, kesho saa nne utaikuta tayari." Hakugomba. Alikaa kwenye benchi akajifuta macho, akaniambia, "Fundi, mimi sikukuuliza kesho. Nimekuuliza lini."

Naona mafundi mnacheka. Mnajijua.

Nilikaa na neno hilo wiki nzima. Nikajiuliza kwa nini nilimwambia kesho, wakati mimi mwenyewe nilijua haiwezekani. Jibu lilinishangaza. Sikumdanganya kwa ubaya. Nilimwonea huruma. Sikutaka kuuona uso wake ukianguka pale mbele yangu, nikachagua neno la kumtuliza kwa dakika ile. Maana yake moyo ulikuwepo, na moyo huohuo ndio uliomtembeza mara tatu. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi na hizi hotuba zinazotuambia tuwapende wateja, basi mambo yatanyooka. Nilikuwa nawapenda. Kesho zangu zote zilitoka kwenye upendo.

Kilichokuwa kimekosekana ni daftari. Kila mtu hapa anaijua ile nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari. Tunaisema tukifikiria fedha na bidhaa. Hatufikirii kwamba ahadi nayo ni mali, tena ni mali ya mtu mwingine uliyoishika mkononi. Nilikuwa nakubali kazi kumi na moja kwa wiki ambayo mikono yangu ingemaliza saba, na hakuna mahali palipoandikwa. Kichwa changu kilikuwa kinasema zitatosha, kwa sababu kichwa kinahesabu kushona tu, hakihesabu kupasi, kubadilisha zipu, umeme kukatika, na mteja anayekuja kupunguza kiuno.

Nikachora wiki kwenye karatasi, siku sita, kila siku na nafasi zake. Nafasi ikijaa, imejaa. Mteja anayefuata anapewa siku ya kwanza iliyo wazi, hata kama ni wiki ya tatu. Na kila mtu anaondoka na tarehe mbili kwenye risiti, ya kuja kujaribisha na ya kuchukua. Nikiona siku moja kabla kwamba sitamaliza, namwandikia ujumbe mimi kwanza, kabla hajatoka kwake. Ni hilo tu. Hakuna mtu atakayelipigia makofi. Lakini niliogopa kwamba nikisema "wiki ya tatu" watu watakimbia, na waliokimbia walikuwa wachache mno kuliko nilivyodhani. Wengi walishusha pumzi.

Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili limeandikwa zamani. David Maister, mtaalamu wa mambo ya uendeshaji wa biashara, aliandika mwaka 1985 juu ya saikolojia ya kungoja. Alieleza kwamba kungoja usikokujua mwisho kunakuwa kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo, na kungoja bila kuambiwa sababu ni kurefu kuliko kungoja ukiwa umeelezwa. Saa ni ileile, anayeisikia ndiye tofauti. Sasa fikiria ni mara ngapi tunahangaika kufupisha muda wenyewe, kwa kukesha na kuumiza macho, wakati mteja alichokuwa anataka ni kuambiwa tu.

Niwaletee kitu kingine ambacho kwangu kina thamani kuliko mahubiri yote ya tabasamu. Mwaka 1984 Lynn Shostack, mwanamke aliyetoka kwenye kazi za benki, alichapisha makala kwenye jarida la Harvard akieleza namna ya kuchora huduma kwenye karatasi kama mjenzi anavyochora nyumba. Mfano aliouchagua sio benki. Ni mtu anayepiga viatu rangi kwenye kona ya barabara. Nilipousoma nilifurahi, maana mara nyingi sisi wadogo tunapewa mifano ya mashirika ya ndege.

Alichora hatua: kusugua vumbi, kupaka rangi, kung'arisha, kupokea malipo. Kazi hiyo aliipangia dakika 2, akaona mteja anaweza kuvumilia mpaka 5, ila ikifika 5 faida imeshakwisha. Halafu akatia alama mahali ambapo mambo huharibika: kupaka rangi isiyo ya kiatu. Pale pale akachora njia ya pembeni ya kurekebisha, yaani kufuta na kupaka upya. Mwisho akapiga mstari. Juu ya mstari ni yale mteja anayoyaona, chini ni yale asiyoyaona, kama kuchagua na kununua rangi zenyewe.

Mstari huo ndio ulionifungua macho. Mteja anaudhika juu ya mstari, lakini kosa mara nyingi limezaliwa chini yake. Rangi mbaya imefika kwenye kiatu kwa sababu makopo mawili yamewekwa pamoja gizani. Ukimfokea msaidizi kwa nini hakuwa makini, umetibu juu. Kesho makopo bado yako pamoja.

Nilichora ya kwangu. Kupokea kitambaa, kupima, kuandika vipimo, kukata, kuunganisha, kujaribisha, kumalizia, kupasi, kukabidhi. Nikatia alama palipokuwa pananitoa jasho, nikitegemea alama nyingi zitakuwa kwenye kushona. Zilikuwa kwenye kuandika vipimo. Nilikuwa naandika kwenye vipande vya karatasi, nyuma ya bahasha, mara nyingine kwenye kiganja. Kitambaa kinakaa rafu hii, kipimo kiko mfuko ule. Wateja wawili wa majina yanayofanana wakileta kitambaa cha bluu wiki moja, imekwisha hiyo.

Sasa ubunifu. Wengi tunalifikiria neno hili kama kipaji cha mtu aliyevaa miwani. Alex Osborn, mtu wa matangazo wa Marekani, ndiye aliyeeneza ule utaratibu wa watu kukaa pamoja na kumwaga mawazo bila kukosoana. Katika miaka ya 1950 ulishika kweli, na kanuni yake ya kutohukumu wazo likiwa bado changa ni nzuri mpaka leo. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliujaribu. Watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakakusanywa na yaliyojirudia yakahesabiwa mara moja, walitoa mawazo mengi kuliko wanne waliokaa pamoja. Mwaka 1987 watafiti wengine, Diehl na Stroebe, walionyesha kwamba sababu kubwa ni ya kawaida sana: mmoja akizungumza, wengine wanangoja zamu, na wazo linayeyuka.

Mimi naongeza sababu ya kwetu wadogo. Bosi akiwa mezani, nani ataanza? Nilikuwa na wanagenzi wawili. Nikiwauliza, "Mnaonaje?" wanasema, "Sawa tu, fundi." Basi nikawapa kila mmoja karatasi, nikawaambia waandike njia tano za kuzuia vitambaa visichanganyike, hata za kijinga, mimi nikatoka nje. Niliporudi, nyingi zilikuwa za kijinga kweli. Mmoja alitaka tupake wateja rangi kidoleni. Lakini binti, yule ambaye alikuwa hasemi kitu, aliandika: tukate kipande kidogo cha kitambaa cha mteja, tukibane kwa pini kwenye ukurasa wa vipimo vyake.

Kipande cha kitambaa na pini. Tangu siku hiyo kila mteja ana ukurasa wake, na kwenye ukurasa kuna kitambaa chake chenyewe. Hakuna jina linaloweza kukudanganya. Na ukurasa ukishakuwepo, ukaanza kubeba mambo mengine: huyu hapendi zipu ya mgongoni kwa sababu anaishi peke yake na haifikii. Huyu bega la kushoto liko chini, usimwambie, shona tu. Huyu amefiwa, usimpigie simu wiki hii. Mteja akirudi baada ya miezi minane, ukamwambia, "Zipu tunaweka ubavuni kama safari ile?" utaona anavyokutazama. Anadhani una kumbukumbu ya ajabu. Acha adhani.

Kuhusu tabasamu nitasema kidogo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alichunguza wahudumu wa ndege, akaandika mwaka 1983 kwamba kuendesha hisia zako mbele ya mteja ni kazi kamili kama kubeba mizigo, na inamchosha mtu. Wewe wa biashara ndogo ndiye mpokeaji, mshonaji, mhasibu na mfagizi. Ifikapo saa kumi jioni tabasamu limekwisha, na hakuna wa kukupokea zamu. Ndiyo maana nasema wema mwingine uuweke kwenye karatasi asubuhi ukiwa na nguvu. Ujumbe uliouandika mapema wa "nguo yako haitakuwa tayari Ijumaa, itakuwa Jumatatu" unamfikia mteja ukiwa na adabu zake zote, hata kama wewe muda huo umenuna.

Na kuna wateja wa kuwaambia hapana. Anayemtukana mwanagenzi wako, huyo usimtafutie maelezo. Anayetaka kazi usiyoiweza, mpeleke kwa anayeiweza, tena mpe na jina la fundi. Mimi koti la suti halinikubali, na nimeshasema hivyo mbele ya watu. Tena huyo uliyempeleka kwingine mara nyingi hurudi na kitambaa cha gauni.

Sasa tukikosea. Nilichoma gauni kwa pasi, doa la ukubwa wa kidole, pajani. Zamani ningelikunja vizuri nikaomba asione. Safari hii nilimpigia, nikamwambia nimeunguza, doa liko hapa, naweza kubadilisha paneli nzima kwa kitambaa nitakachokinunua mimi, itachukua siku mbili, au nikulipe kitambaa chako. Chagua. Akachagua paneli. Watafiti wamewahi kuona, na tangu mwaka 1992 jambo hili lina jina lake, kwamba mteja aliyekosewa kisha akarekebishiwa vizuri anaweza kuridhika kuliko ambaye hakukosewa kabisa. Msilipokee kwa pupa. Tafiti za baadaye zimelikuta mahali pengine na kulikosa pengine. Na Parasuraman, Zeithaml na Berry, waliopima ubora wa huduma miaka ya 1980, walipoangalia wateja wanathamini nini zaidi, kilichotangulia ni kutegemewa: kufanya ulichosema, siku uliyosema. Huruma ilikuwemo kwenye orodha yao, ila haikukaa mbele.

Nimeona mkono umeinuliwa muda mrefu, samahani dada. Anauliza, yeye yuko peke yake, hana mwanagenzi wala muda wa kuchora ramani. Usichore yote. Chora kuanzia mteja anapokupa malipo ya awali mpaka anapochukua kitu chake. Ni pale tu anapokuwa ameshakuamini na bado hajapata kitu. Robo saa inatosha, na utajua pa kutia alama.

Na kaka wa pale nyuma ameuliza kama wateja hawachukii kuandikwa. Wanachukia, wakiona daftari liko wazi kaunta na kila anayepita anasoma kiuno cha mtu. Vipimo vya mwili, namba ya simu, habari za msiba, hizo ni siri za watu. La kwangu linafungwa kabatini jioni, ufunguo ninao mimi na yule binti. Mteja akitaka kuuona ukurasa wake namwonyesha, akitaka niuchane nauchana. Yule mama wa mahafali hakurudi tena, na ukurasa wake sikuwahi kuuandika.