Shilingi na Kinyota Chake

Ndugu wasikilizaji, neno nililokuja nalo jioni hii limo mifukoni mwenu. Shilingi ilifika kwetu na Waingereza, walioifanya sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1921. Nao walikuwa wamelirithi neno lenyewe kutoka Kigermaniki asilia, lugha iliyozaa Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia.

Wanaisimu huliandika *skillingaz. Kinyota hicho kinakiri kwamba hakuna aliyelikuta limeandikwa hivyo; limeundwa upya kwa kuwalinganisha watoto wake. Wagothi, kabila la kale la Kigermaniki, walisema skilliggs, na limo katika hati ya mafunjo ya mwaka 551 ambamo makasisi wao wa Ravenna, mji wa Italia, wanakiri kupokea malipo ya skilliggs 120. Kiingereza cha kale kina scilling, Kinorsi cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, skillingr, na Wapolandi, walioliazima, wana szeląg. Kwa kuwa Wadenmaki wamebaki na sk pale ambapo Waingereza na Wajerumani wamehamia sh, na kwa kuwa badiliko hilo linajirudia katika maneno mengine chungu nzima, tunajua kwamba sk ndiyo kongwe.

Umbo, basi, tunalo. Maana ndiyo inayotuponyoka. Wapo wanaolitoa katika kitenzi cha kulia, kama chuma kinavyolia kikigongwa. Wapo wanaoona humo ngao ndogo. Na wapo wanaolitoa katika mzizi wa kupasua, yaani kipande kilichokatwa. Mimi naegemea hili la mwisho, kwa sababu watu wa kaskazini mwa Ulaya walilipana kwa kukatakata dhahabu na fedha na kuzipima kwa mizani, ingawa nakiri kwamba mazoea ya watu si ushahidi wa sauti.

Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, za karibu mwaka 600, zinamtaka aliyekata sikio la mtu alipe shilingi 12, na aliyemtoboa jicho alipe 50. Sarafu ya fedha ya peni 12, yaani thamani ya shilingi moja, ilichapwa Uingereza karne nyingi baadaye, enzi za Mfalme Henry VII.

Mtauliza kama neno shilingi hatukulipata kwa Wajerumani, waliotutawala kwanza. Hapana: wao walitumia rupia, ambayo tangu 1904 waliigawa katika heller 100. Kutokana na heller hiyo tukapata neno jingine la Kigermaniki, ambalo wengi hudhani ni letu tangu zamani: hela.