Mtihani Uliovuja

Habari za jioni. Waandaaji waliponialika nizungumzie utafiti wa akili mnemba katika vyuo vikuu, nadhani walitegemea nije na roboti. Sina roboti. (Na kabla sijaendelea: mimi nasema akili mnemba, wengine mnasema akili bandia, wengine akili unde. Ugomvi huo nawaachia wanaisimu.) Nataka tuzungumze kuhusu mitihani, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu, ile isiyopigwa picha, ni kutunga mtihani na kuulinda usivuje.

Ujifunzaji wa mashine, ukiuvua mapambo yake, uko hivi. Tuseme una picha elfu kumi za majani ya mmea, na kila moja ina lebo: hili zima, hili linaumwa. Sehemu kubwa unaipa modeli, yaani programu inayojifunza kwa mifano, ijifunze. Sehemu iliyobaki unaificha: huo ndio mtihani. Modeli ikishajifunza, unaitoa ile iliyofichwa na kuuliza: haya, na hili je? Jibu la hapo ndilo lenye uzito. Alama inazopata kwenye picha ilizojifunzia hazituambii lolote, maana ni sawa na kumpima mtoto kwa maswali ambayo jana ulimwandikia ubaoni pamoja na majibu.

Mashine hukariri, na kwa kiwango cha kutisha. Mwaka 2017 lilichapishwa andiko moja ambalo bado nalisomesha kila muhula. Watafiti walichukua mkusanyiko wa picha unaojulikana sana, wakazigawia lebo kiholela. Paka akaitwa meli, meli ikaitwa chura. Hapo hakuna kanuni yoyote ya kujifunza. Mitandao ya neva, aina ya modeli iliyobuniwa kwa kuiga ubongo, ilizimeza zote, haikukosa hata moja kwenye data ya kufundishia. Ilipopewa picha ngeni, ilikuwa sawa na mtu anayebahatisha. Kwa hiyo mtu akikwambia modeli yake imejifunza vizuri sana, muulize: imejifunza, au imekariri?

Sasa, mtihani mzuri unaweza kubadili taaluma nzima. Mwaka 2009 mtafiti Fei-Fei Li na wenzake walitambulisha ImageNet, mkusanyiko ambao baadaye ulifikia picha zaidi ya milioni 14 zilizopangwa kwa majina ya vitu, na mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya kila mwaka. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, wote wa Chuo Kikuu cha Toronto, walishusha makosa hadi asilimia 15.3, wakati aliyewafuata alikuwa na 26.2. Waliifundisha modeli yao kwa kadi mbili za michoro, za aina ile inayonunuliwa na wapenzi wa michezo ya kompyuta. Mitandao ya neva ilikuwa imebishaniwa kwa miongo kadhaa, wengi wakiidharau. Kilichonyamazisha ubishi ni mtihani mmoja, wa wote, uliosahihishwa kwa kipimo kimoja.

Lakini mtihani ukifanywa mwaka baada ya mwaka, watu huuzoea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilitambua hilo. Mwaka 2019 walitoa mtihani mpya wa ImageNet, waliouandaa kwa kufuata hatua zile zile za ule wa kwanza, wakaziita modeli maarufu zirudi darasani. Usahihi ulishuka kwa pointi 11 hadi 14. Ninachokipenda zaidi katika kazi hiyo ni jambo ambalo watu hulisahau: mpangilio wa modeli haukubadilika sana. Zilizokuwa mbele zilibaki mbele. Kwa hiyo hazikuwa zimekariri mtihani wa zamani. Zilikuwa dhaifu tu kwa picha ngumu kidogo kuliko zile za mtihani wa kwanza. Hizo ni kasoro mbili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Uvujaji wenyewe ni mdudu mwingine. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja ofisini akiwa na furaha tele. Modeli yake ya kusoma picha za eksirei ilikuwa karibu haikosei. Nikamuuliza, wagonjwa ni wangapi? Akanitajia idadi ya picha. Nikarudia: wagonjwa, si picha. Kumbe kila mgonjwa alikuwa na picha kadhaa, na alipozigawa kwa kubahatisha, mgonjwa yule yule aliangukia pande zote mbili, ya kujifunzia na ya mtihani. Modeli haikuhitaji kuujua ugonjwa. Ilitosha iutambue ubavu wa mtu ambaye ilikwisha kumwona.

Msimcheke. Waliobobea nao huangukia hapo. Wakati wa UVIKO-19 zilimiminika kazi za kutambua ugonjwa huo kwa picha za kifua. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalianza na maandiko 2,212, yakayachuja hadi yakabaki 62 yaliyostahili kuchambuliwa kwa kina. Yaliyofaa kutumika hospitalini: hakuna hata moja. Baadhi ya watafiti walikuwa wamechukua picha za wagonjwa wa UVIKO-19, wengi wao watu wazima, wakazilinganisha na mkusanyiko wa picha za watoto wa mwaka 1 hadi 5. Ukiipa mashine kazi hiyo, itajifunza kutofautisha mtoto na mtu mzima, na itapata alama nzuri kweli kweli.

Na si tiba peke yake. Sayash Kapoor na Arvind Narayanan wa Chuo Kikuu cha Princeton walikusanya ushahidi wa uvujaji wa data katika nyanja 17 za sayansi, ukigusa maandiko 294. Mengi hayana udanganyifu wowote ndani yake. Mtu amesawazisha data yote kwa pamoja, ya mtihani ikiwemo, kabla ya kuigawa, au ametumia taarifa ya kesho kutabiri jana. Kosa la mstari mmoja wa programu.

Modeli kubwa za lugha, zile zinazoandika na kujibu maswali kama mtu, ndizo zinazoninyima usingizi siku hizi. Zimesoma sehemu kubwa ya intaneti, na mitihani tunayozipima nayo imo humo humo kwenye intaneti, pamoja na majibu. Kampuni nyingi hazisemi zimefundishia nini. Chuo kikuu hakina umeme wala kadi za michoro za kushindana nazo, na sioni kwa nini kijaribu. Kinachoweza ni kutunga maswali ambayo bado hayajaandikwa popote, kuyafungia, na kusahihisha bila kumwogopa mtu. Kazi hiyo haina tuzo nyingi. Majarida hupenda alama zilizopanda, na atakayeandika kwamba alama zimeshuka hungoja sana mlangoni.

Yule mwanafunzi alizigawa upya picha zake, safari hii kwa mgonjwa. Usahihi uliporomoka. Alinililia kidogo, kisha akaiandika tasnifu yake kwa tarakimu ile ndogo, na sura nzima ya kueleza ile kubwa ilitoka wapi. Siku ya utetezi, wajumbe wa jopo waliuliza kuhusu sura hiyo kwa saa nzima. Kuhusu modeli yenyewe hawakuuliza swali hata moja.

Haya, maswali.