Mbona Mtaa Wenu Umechakaa na Mko Marekani?

Ndugu zangu watazamaji, tangu niwaonyeshe saluni yangu ya kusuka, swali linalokuja ni lile lile: mbona barabara ya mbele yako imechakaa hivyo, na wewe unasema uko Marekani? Nitalijibu leo mara moja tu, nikijua kwamba nikisifia nitaambiwa ninaringa, na nikilalamika nitaambiwa nirudi nyumbani nikalime.

Barabara hiyo ni Colfax Avenue, inayokatiza miji ya Denver na Aurora, jimboni Colorado, kwa takriban kilomita 42. Tangu mwaka 1926 ilikuwa sehemu ya barabara kuu namba 40, na wasafiri waliotoka mashariki kuelekea milimani walipita humu, wakala humu na wakalala humu. Ndiyo maana ilijaa moteli na vituo vya mafuta. Mwaka 1955 Rais Eisenhower alipatwa na mshtuko wa moyo akalazwa katika hospitali ya kijeshi ya Fitzsimons, iliyokuwa kando ya Colfax hii hii, na mwaka uliofuata akatia saini sheria ya barabara kuu ambazo serikali ya shirikisho ililipia asilimia 90 ya gharama zake. Mimi huliona hilo kama mgeni aliyeuguzwa vizuri kisha akaondoka na ufunguo wa duka. Katika miaka ya 1960 mojawapo ya barabara kuu hizo, iitwayo I-70, ilipita kaskazini yetu, na magari yakahamia huko. Wanaouza pembeni ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, chini ya ile ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, hawahitaji nieleze zaidi.

Mkabala na mlango wangu lipo bango la moteli ambalo bado linatangaza televisheni ya rangi, ingawa jina lenyewe limebakiwa na herufi tatu. Vyumbani wanaishi watu wanaolipa kwa wiki, kwa kuwa hawana amana ya kupangia nyumba. Mmoja wao ni mteja wangu, na humsuka kwa mkopo hadi Ijumaa.

Sasa mtaa unafufuliwa. Tangu Oktoba 2024 zinajengwa njia za mabasi ya mwendokasi katikati ya barabara, katika mradi wa takriban dola milioni 280, na wale wa Dar es Salaam mnajua vumbi la ujenzi wa namna hiyo. Siupingi hata kidogo: wateja wangu wengi huja kwa basi namba 15, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi barabara hii inatengenezwa kwa ajili ya anayeshuka, si kwa ajili ya anayepita. Shida ni kwamba anayeshuka leo hukuta uzio na koni za rangi ya chungwa, akazunguka kidogo, kisha akakata tamaa na kurudi kwake na nywele zake.

Nilisikia kuna msaada kwa wafanyabiashara walioathirika, nikajaza fomu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu mauzo yangu yako kwenye daftari, mara ya pili kwa sababu mkataba wa fremu una majina yangu mawili na leseni ina matatu, kana kwamba babu yangu ni mtu wa kutiliwa shaka. Kuthibitisha kwamba mimi ni mimi kulinigharimu siku mbili bila mteja, na kodi ya pango haikusubiri.

Wanaoniuliza kama nao wachukue fremu hapa, siwezi kuwashauri, kwa sababu kila mtu ana mfuko wake na roho yake. Mimi nilikuja kwa kuwa kodi ilikuwa nafuu, na ilikuwa nafuu kwa sababu mtaa ulikuwa umesahauliwa. Sisi wasusi, wapishi na mafundi simu ndio tuliowasha taa humu wakati wengine walipoogopa hata kuegesha gari. Mwezi uliopita mwenye fremu aliniandikia kwamba eneo linapanda thamani, kwa hiyo mkataba mpya utakuwa na kodi mpya. Wa sasa unaisha kabla basi la kwanza la mwendokasi halijapita.