Vitwitwi wamerudi Mikindani: jinsi ya kujua nani mgeni na nani alikuwepo tu

Wadau wa Kusini habari za mchana, nipo Mikindani hapa ufukweni, mkisikia kelele nyuma ni bodaboda za barabara ya Lindi na huu upepo wa kusi unaopiga maiki, naikinga na mkono mnivumilie. Leo tuko mwisho wa Agosti na nataka tupitie pamoja hatua kwa hatua namna ya kujua kama ndege wanaotoka kaskazini wameshaanza kuingia. Kule Ulaya watu wanawangojea Machi na Aprili baridi ikiisha, mtu akimuona mbayuwayu wa kwanza anaandika tarehe na siku yake imenoga. Sisi tunawapokea wao wakiwaaga, kuanzia mwisho wa Julai mpaka Oktoba huko, na ndege ni walewale.

Kabla ya yote niseme aibu yangu. Mwaka juzi nilimuona sululu hapahapa, yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini na mistari kichwani, nikapiga picha nikatupia kwenye grupu letu la WhatsApp, "wa kwanza wa msimu huyu!", watu wakanipa makofi. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu pembeni nikamuonyesha na yeye, akacheka mpaka akaweka sindano chini, "Mwanangu huyo mbona yupo toka masika." Na alikuwa sahihi. Sululu wadogo ambao hawajafikia umri wa kuzaa wengi wao hawarudi kaskazini, wanabaki huku mwaka mzima. Kwa hiyo kumuona sululu Agosti peke yake haikwambii kitu.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kuja wakati hawapo. Julai, hata katikati ya Julai, njoo uhesabu waliopo. Mi mwaka huu Julai nilikuta sululu wanne, yangeyange kibao, vitwitwi, wale ndege wadogo wa topeni, sifuri. Hiyo sifuri niliiandika, tena kwa kalamu. Kama Julai imekupita usikate tamaa, anza leo, ila kwenye daftari usiandike "amefika leo", andika "nimemkuta".

Hatua ya pili, chagua sehemu moja na usihamehame. Mi nina hili tope la Mikindani, wewe wa Lindi mjini una mdomo wa Lukuledi pale, upande wa pili Kitunda, sehemu nzuri sana. Mashamba ya chumvi pia mazuri maana maji yakijaa baharini ndege wanakwenda kupumzika huko. Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay, kuna kiingilio, pitia getini usijifanye mjanja. Ukizungukazunguka leo huku kesho kule utaona ndege wengi kweli lakini hutajua nani kaingia lini.

Hatua ya tatu ni maji, na hapa ndipo wengi wanakosea, hata wanaotoka Dar na madarubini ya bei mbaya. Watu wanadhani uje maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hapana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, huku kwetu maji yanakupwa mno saa nne saa tano asubuhi, kina mama wanakwenda kuchokoa pweza na kuokota kombe mbali kabisa kule, na ndege nao wametawanyika huko huko, utaona vidoti tu. Wewe subiri maji yaanze kurudi. Njoo saa saba na nusu hivi, kaa chini, tulia, maji yanapanda yanawasukuma ndege taratibu mpaka wanakuja mbele yako wenyewe wamebanana kwenye kipande cha tope kilichobaki, na kwenye saa kumi tope limekwisha wanaruka. Hayo masaa mawili na nusu ndiyo shoo yenyewe. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tope halitoki vizuri, baki nyumbani ufue. Na jua liwe mgongoni kwako, likiwa usoni kila ndege ni mweusi.

Vifaa haraka haraka: darubini, 8x42 (inakuza mara nane, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha sana, usiuziwe zile wanazosema inakuza mara mia. Kofia, maji ya kunywa, daftari. Miguuni yeboyebo, sio ndala, tope linakunywa ndala na chaza wanakata mguu. Alafu toa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au watu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi pale ufukweni, mtu anayekaa na darubini masaa mawili anaangalia baharini anatia wasiwasi. Usiielekeze bandarini wala kwenye mitambo ya gesi, hilo sihitaji kufafanua.

Haya, hatua ya nne, sasa tunaangalia. Ngoja nigeuze kamera. Anza na rahisi. Unamuona huyo mdogo peke yake pembeni ya mawe, mkia unanesa juu chini juu chini kama ana deni? Huyo ni mgeni, na ni wa mwanzo mwanzo kufika, kuanzia mwisho wa Julai. Huwa hapendi kundi. Usimchanganye na kale kadogo keupe usoni kanakokimbia kwenye mchanga mkavu Shangani ya Mtwara au Msimbati, kale ni kenyeji, kanazaa hapahapa mchangani, kwa hiyo ukikaona usipige kelele, na usikanyage mayai.

Sasa wale kwenye tope, wale vitwitwi kama ishirini. Wadogo, mdomo mweusi umepinda kidogo mwishoni. Angalia vifua vyao, unaona vimebaki mabaka mekundu kama matofali? Hilo ndilo la kutafuta Agosti. Hao walikuwa wekundu mwili mzima Juni, kwenye tundra, nyanda za baridi zisizo na miti, za Siberia kaskazini kabisa, wanapozaliana. Wakifika huku wanabadilisha manyoya wanakuwa wa kijivu, na ikifika Machi wanaanza kurudisha wekundu kabla hawajaondoka. Kwa hiyo kitwitwi wa aina hii mwenye mabaka Agosti ni mtu mzima aliyetoka safari. Mgeni wa kweli. Ana gramu kama 60, na kutoka kule mpaka hapa hata ukipima mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 9,000.

Na kuna kitu mi kinanishangaza kila mwaka. Hawa madume wanatangulia kuondoka, mapema Julai, wanawaachia majike ulezi, kisha majike nao wanaondoka wanawaacha watoto. Watoto wanakuja wenyewe wiki kadhaa baadaye, hawajawahi kufika Afrika, hakuna mkubwa wa kuwaongoza, na wanafika. Utawajua Septemba, kifua kisafi cha rangi ya chai ya maziwa na mgongo una magamba magamba. Ukianza kuona magamba andika tarehe nyingine, hiyo ni awamu ya pili. Mpwa wangu niliyekuja naye anauliza wanajuaje njia, nimemwambia amuulize mwalimu wake.

Sasa linganisha na yule kule, mkubwa, mweupe na mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama wa kuvunjia korosho. Anakula kaa. Huyu anazaliana pwani za Uarabuni na Bahari ya Sham, anachimba shimo mchangani anataga yai moja humo na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Mtoto wake anakuja huku pamoja na wazazi na akifika bado anaombaomba chakula, utamsikia analia nyuma ya mama yake na ukubwa wote ule. Ukimuona mkubwa na wa kijivu anamfuata analia, hiyo ni familia nzima imehamia.

Sululu sasa. Nishasema wako wanaobaki, kwa hiyo kwao usitafute "wa kwanza", tafuta namba kupanda. Julai wanne, wiki iliyopita watano, leo nahesabu... ngoja... kumi na saba. Hao kumi na mbili wameingia wiki hii. Na sikio pia, usiku ukisikia filimbi ya haraka haraka kama mara saba hivi juu ya paa ujue wanapita.

Hatua ya tano kuandika. Tarehe, saa, maji yalikuwaje, namba, na ambao HUKUWAONA. Ukiwa na simu weka na kwenye eBird, programu ya kurekodi ndege, bure, ila daftari lisikauke, simu zinaibiwa. Picha ya kupitia lenzi ya darubini inatosha kama ushahidi, hata ikiwa mbovu.

Mbayuwayu nitafanya video yao Septemba mwishoni, msimu wa korosho ukianza, wanakaa kwenye nyaya za umeme. Kwa kifupi tu: koo jekundu, mkanda mweusi kifuani, na usitegemee mkia mrefu maana wanafika wamechakaa na manyoya wanabadilishia huku. Na keremkerem wa Ulaya utawasikia juu kabla hujawaona.

Oya, angalia, angalia! Wameruka wote. Mnaona wanavyogeuka pamoja, weupe, weusi, weupe? Wanaelekea kwenye mashamba ya chumvi. Saa tisa na dakika hamsini, vitwitwi wenye mabaka ishirini na tatu, andika mjomba, ishirini na tatu. Mi maji yameshafika kwenye miguu ya stendi, nanyanyua vitu.